Roboti Yako ya Kwanza Isiwe na Programu

Leo nina maoni ambayo najua yatawauma watu wa Arduino, kwa hivyo wacha niyaseme mapema kabla hamjaanza kunirushia mawe: kama unataka kujifunza robotiki, roboti yako ya kwanza isiwe na programu. Hata mstari mmoja. Isiwe na kompyuta ndani, isitake laptop, isitake bando. Iwe na mota mbili, betri, waya mgumu wa kukunja miguu, na nyuroni nne za umeme ulizojenga kwa mkono wako.

Nasema hivi juu nimechoka na jibu moja. Kila wiki mtu ananitumia meseji: "Buda, nataka kujenga roboti, nianzie wapi?" Ukicheki kwa komenti, kila mtu anamjibu: nunua seti. Seti yenye bodi, sensa, magurudumu na kitabu cha picha. Kwa ploti yetu kuna mtoi wa Gredi ya 7 ambaye shule yao ilianzisha klabu ya robotiki, wazazi wakaambiwa kila mtoto aje na seti yake. Mathe wake anauza mboga. Mtoi akabaki amekaa nyuma ya darasa akiona wenzake wakifunga skurubu. Hakuna aliyemwambia hana akili. Aliambiwa tu hana seti, na kwa umri wake hizo habari mbili zinasikika sawa.

Alafu waulize wale wenye seti. Wamefuata kitabu, wamepakia programu iliyokuwa tayari, roboti imetembea, video imepostiwa. Uliza swali moja tu: "Mbona imekata kushoto?" Jibu: "Hiyo iko kwa programu." Na sai programu yenyewe inaandikwa na AI. Sina shida na AI, hata mimi naitumia. Shida yangu ni hii: kama bodi ilitengenezwa China, programu imeandikwa na AI, na hatua zote ziko kwa kitabu, wewe umebaki na nini kichwani siku ile kitu itakataa kuwaka?

Mwaka wa 2022 KICD iliidhinisha silabasi ya kufundisha watoto kuandika programu. Poa sana. Lakini tumeanza kuamini kwamba robotiki ni programu, na mwili wa roboti ni kitu cha kununua. Mimi nadhani tumeanzia juu ya nyumba tukishuka chini.

Kuku hana kichwa na bado anakimbia

Tuanze na kitu ambacho wengi wenu mmeona Krismasi ushago. Kuku anachinjwa, kichwa kinabaki kwa mkono wa mtu, na mwili unatimua mbio kwa uwanja. Watoto wanapiga nduru. Sasa fikiria vizuri: nani anaiambia ile miguu ipokezane? Ubongo uko pale kwa sufuria.

Jibu ni kwamba mdundo wa kutembea hautungwi na ubongo. Uko kwenye uti wa mgongo. Mwaka wa 1911 mwanasayansi wa Uingereza anaitwa Thomas Graham Brown alionyesha jambo hili kwa paka: hata uti wa mgongo ukikatwa usipate amri ya ubongo, mdundo wa hatua bado unaweza kutokea. Akapendekeza maelezo rahisi sana. Kila mguu una makundi mawili ya neva, moja la kukunja na moja la kunyoosha. Moja likifanya kazi linamnyamazisha mwenzake. Likichoka, mwenzake anaamka na kulinyamazisha lenyewe. Kukunja, kunyoosha, kukunja, kunyoosha. Tayari unatembea.

Na mende je? Hebu siku moja kabla hujamponda mwangalie. Ana miguu sita, na akikimbia anainua mitatu na kusimama kwa mitatu: wa mbele na wa nyuma upande mmoja, pamoja na wa katikati wa upande wa pili. Kila wakati anasimama kama stuli ya miguu mitatu, ndio maana haanguki. Ubongo wake ni mdogo kuliko punje ya mchele, na bado anakushinda mbio kwa jikoni yako mwenyewe.

Ukielewa kuku na mende, umeelewa kwa nini kuna watu waliojenga roboti zinazotembea bila kompyuta.

Watu waliofanya hii kitu

Hii haijaanza TikTok. Kati ya 1948 na 1949, huko Bristol, Uingereza, W. Grey Walter, ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza ubongo, alijenga kobe wawili wa umeme akawaita Elmer na Elsie. Kila mmoja alikuwa na valvu mbili tu za redio zikicheza kama nyuroni mbili, kitu cha kuhisi mwanga na kitu cha kuhisi kugongwa. Walizunguka sakafuni, wakafuata taa, wakakwepa fanicha. Watu waliowatazama walianza kuwazungumzia kama wanyama.

Miaka arobaini baadaye, 1989, Rodney Brooks wa MIT alikuwa na Genghis, roboti ya miguu sita ambayo haikuwa na ramani ya dunia kichwani, ila sheria ndogo nyingi zilizopandana. Mark Tilden, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Waterloo huko Kanada, akasikia hotuba ya Brooks, akaamua kwenda mbali zaidi: toa hata kompyuta. Akaanza kujenga vijiroboti kwa transista, kapasita na takataka za vifaa vya elektroniki vilivyovunjika. Mtindo huo ukaitwa BEAM, herufi zinazosimamia biolojia, elektroniki, urembo na mekanika. Mwaka wa 1991 kukawa na Olimpiki ya kwanza ya roboti za aina hiyo, Toronto. Baadaye Tilden alifanya kazi kwenye maabara ya Los Alamos, Marekani, na 1994 akapata hataza ya zile nyuroni zake za umeme. Ile roboti ya kuchezea inaitwa Robosapien, iliyotoka 2004 na kampuni ya WowWee? Ni yeye aliibuni.

Kwa hivyo ukisikia mtu anasema roboti bila kompyuta ni mchezo wa watoto, mwambie mchezo huo ulipita Los Alamos.

Nyuroni moja ni vitu vitatu

Sasa tuingie jikoni. Nyuroni ya Tilden ina vitu vitatu: kapasita moja, rizista moja, na kigeuzi kimoja. Kigeuzi ni kile kipande ndani ya chipu ambacho ukikipa volteji ya juu kinatoa ya chini, ukikipa ya chini kinatoa ya juu. Mbishi tu.

Inafanya kazi hivi. Kapasita inakaa mlangoni, kabla ya kigeuzi. Rizista inakaa kati ya kapasita na kigeuzi, ikivuta ile sehemu kuelekea upande wa hasi wa betri. Wakati hakuna kitu, ingizo la kigeuzi liko chini, kwa hivyo tokeo lake liko juu. Nyuroni imelala.

Ghafla nyuroni iliyotangulia inapandisha volteji. Kapasita haipitishi umeme uliotulia, lakini inapitisha mruko. Ingizo linaruka juu, kigeuzi kinaangusha tokeo chini, nyuroni imeamka. Sasa rizista inaanza kufyonza ile chaji pole pole, kama ndoo yenye tundu dogo. Maji yakishuka chini ya kizingiti fulani, kigeuzi kinageuka tena, tokeo linapanda juu. Huko kupanda ndiko mruko unaoamsha nyuroni inayofuata.

Umeona? Ni mbio za kupokezana kijiti. Kila nyuroni inashika kijiti kwa muda fulani, kisha inampa mwenzake. Muda huo unaupata kwa kuzidisha kapasita na rizista. Kapasita ya maikrofaradi 0.22 na rizista ya megaomu 2.2 zinakupa karibu nusu sekunde. Ukitaka mwendo wa polepole, ongeza rizista. Ukitaka roboti ikimbie kama inafukuzwa na kanjo, punguza.

Panga nyuroni nne kwa duara na kijiti kinazunguka milele, kila moja ikisukuma mota kwa zamu yake. Tatizo ni kwamba ukiwasha betri vijiti viwili vinaweza kuingia uwanjani pamoja, na miguu inachanganyikiwa. Wajenzi wa BEAM huongeza kijisaketi cha kuua vijiti vya ziada mpaka kibaki kimoja.

Lakini kwa anayeanza mimi nasema usianze na duara la nne. Anza na mbili zinazotazamana. Tokeo la kigeuzi cha kwanza linaenda kwa ingizo la pili kupitia kapasita, na la pili linarudi kwa la kwanza kupitia kapasita nyingine. Kati ya maingizo mawili unaweka rizista moja tu. Inaitwa baikoo, na inabembea yenyewe: mmoja juu, mwingine chini, kisha wanabadilishana. Rudi juu usome tena ile habari ya Graham Brown na paka wake. Ni kitu kile kile. Makundi mawili yanayonyamazishana, na uchovu ndio unaobadilisha zamu. Hapa uchovu ni chaji inayovuja kwenye rizista.

Kutoka kubembea hadi kutembea

Weka mota yenye gia kati ya matokeo mawili ya baikoo. Moja ikiwa juu na nyingine chini, mota inazunguka upande huu. Zikibadilishana, inarudi upande ule. Chukua waya mgumu, ukunje uwe miguu miwili kama upinde, ufunge kwa mota. Sasa una miguu inayopiga mbele na nyuma.

Roboti ya miguu minne inahitaji mota mbili tu. Ya nyuma inasukuma miguu ya nyuma. Ya mbele imeinamishwa kidogo, ili miguu ya mbele ikizungushwa iwe inapiga hatua na pia kumwegemeza mwili upande mmoja, na mguu wa upande wa pili uinuke. Kila mota ina baikoo yake. Ujanja ni kwamba ya pili haina rizista yake katikati. Inafuata ya kwanza kupitia rizista mbili, kwa hivyo inachelewa kidogo nyuma yake. Ule uchelewaji ndio mwendo. Zikipiga pamoja kabisa, roboti inatikisika pale pale kama mtu anasikia baridi. Moja ikichelewa robo ya mzunguko, inaenda mbele.

Mimi hapo ndipo nilipofurahi. Hakuna mahali popote kwenye hiyo roboti pameandikwa "tembea mbele". Kutembea kumetokea kati ya saketi mbili, waya uliokunjwa na sakafu.

Jiwe linaongea na saketi

Hii ndiyo sehemu inayonifanya niandike post ndefu hivi, juu ndio maoni yangu yenyewe.

Kwenye roboti ya kawaida, programu inaamuru na mota inatii. Ukitaka roboti ijue mguu umegonga jiwe, unanunua sensa, unaandika programu ya kusoma sensa, unaandika nyingine ya kuamua. Hakuna ubaya. Lakini kwenye nyuroni za umeme, waya unaopeleka amri kwa mguu ndio huo huo unaoleta habari kutoka kwa mguu.

Angalia. Mota ndogo imeunganishwa moja kwa moja kwa matokeo ya baikoo. Mguu unasonga, unagonga jiwe. Mota iliyozuiwa inavuta mkondo mwingi. Mkondo ukizidi, volteji ya tokeo inashuka kidogo. Ule mshuko unapita kwenye kapasita hadi ingizo la nyuroni ya pili, ambayo tayari ilikuwa inakaribia kizingiti polepole. Kasukumo kadogo tu kanatosha kuivusha. Zamu inaisha mapema, mguu unarudi nyuma, unajaribu tena. Jiwe limebadilisha mdundo bila sensa yoyote. Hata ukiweka vigeuzi vingine katikati vya kuongeza nguvu, bado wote wanakula betri moja, na betri ikiyumba nyuroni inahisi.

Sio uchawi, na roboti haiwazi. Lakini mtoto akiona hiyo kitu mara moja kwa macho yake, anajua jambo ambalo hakuna kitabu cha seti kitamfundisha: kwamba mwili ni sehemu ya akili. Miguu mirefu kupita kiasi inaharibu mdundo. Betri nzito ikikaa nyuma inaharibu mdundo. Sakafu ya vigae na sakafu ya murram ni habari mbili tofauti. Huwezi kusema "nitarekebisha kwa programu," juu hakuna programu. Lazima uinamie chini uangalie mguu unagusa wapi.

Na ukishaangalia hivyo, huwezi kuacha. Utaanza kuangalia mbuzi akipanda mtaro, na mzee anavyopanda matatu na goti bovu. Ukirudi baadaye kwa programu na AI, utakuwa mtu anayejua swali la kuuliza.

"Lakini bro..."

Nazisikia. Wacha nijibu zile tatu ninazopata sana.

"Maikrokontrola sai ni bei rahisi, mbona nihangaike?" Kweli, zimeshuka bei. Na siku moja ununue. Lakini bei ya bodi haikuwa gharama kamili. Weka laptop, kebo, na umeme wa kukaa masaa ukipakia na kupakua. Chipu ya 74HC240 ina vigeuzi vinane ndani, inatosha roboti nzima ya miguu minne, na kwa duka la vipuri vya elektroniki haikusumbui mfuko. Mota unaweza kutoa kwa trei ya DVD iliyokufa ama kwa gari la kuchezea. Waya wa miguu uko kwa hanga ya nguo. Tembea Luthuli, lakini kabla ya Luthuli mtembelee fundi wa redio wa mtaa wenu, umwamkie vizuri, uulize kama ana boksi la maiti. Wote wanalo.

"Hakuna mtu ataniajiri juu ya baikoo." Pia kweli. Hakuna tangazo la kazi limeandikwa hivyo. Lakini ukijua kwa nini kapasita inachelewesha, kwa nini mota inachafua betri, na kwa nini tokeo la chipu lina kikomo cha mkondo, umeshajua mambo yanayoua nusu ya vifaa vinavyoletwa kwa fundi. Mwenye programu pekee atakwambia programu yake iko sawa, kisha akae chini.

"Zina mipaka." Zina mipaka mingi, na sitaficha. Nyuroni hizi hazikumbuki ramani, hazihesabu, hazitambui sura ya mtu. Kapasita mbili zilizoandikwa namba moja hazilingani kabisa, kwa hivyo roboti yako itavuta upande mmoja mpaka uitune. Miguu inaweza kupotea katikati yake pole pole kwa sababu hakuna kinachopima iko wapi, na mara nyingine dawa ni raba bendi ya kuirudisha. Baridi ya asubuhi inaweza kubadilisha mwendo. Kuna siku utakaa saa mbili ukitafuta waya uliolegea.

Ndio maana wajenzi wenyewe wana mpangilio wanaouita farasi na mpanda farasi. Nyuroni za umeme zinashughulikia hatua, na maikrokontrola inakaa juu ikisema tu "kushoto," "simama," "endelea." Sisi hatuna farasi wengi, tuna punda wa mkokoteni. Umeona mwenye punda akimwambia ainue mguu gani? Anamwambia mahali pa kwenda, punda anajua kutembea. Hiyo ndiyo roboti yako ya pili. Lakini punda anatangulia. Ukianza na mwenye punda bila punda, una mtu amesimama barabarani akipiga kelele.

Kuhusu chuo, juu mtauliza

Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Sitataja chuo na sitatukana mtu. Nitasema tu kwamba maabara yetu ya saketi ilikuwa na watu wengi kwa meza moja na osiloskopu moja, na kwa mihula yote niliyokaa pale nilichora mawimbi mengi kwa karatasi kuliko niliyoyaona kwa kioo. Tulijua fomyula ya kapasita kuchaji. Tungeikariri usingizini. Hatukuwahi kuiona ikifanya kitu.

Baikoo ya kwanza niliyojenga kwa meza ya nyumbani ilikuwa na taa mbili za LED, na ile fomyula ikaanza kukonyeza macho mbele yangu. Nikabadilisha rizista, ikakonyeza haraka. Nikashika pini kwa kidole, ikachanganyikiwa, juu hata kidole changu ni sehemu ya saketi. Ilikuwa fomyula ile ile ya darasani, lakini sasa ilikuwa inanijibu.

Simwambii mtu aache shule. Kaa shule. Ninachosema ni kwamba elimu ya kifaa unachoweza kukivunja bila kuogopa bei yake ni tofauti na elimu ya kifaa ambacho mwalimu amekifungia kabatini. Yule mtoi wa nyuma ya darasa anahitaji kifaa cha aina ya kwanza. Walimu wa klabu za robotiki, kama mnasoma hii, ombi langu ni dogo: muhula wa kwanza msitake seti. Takeni vifaa vilivyokufa kutoka nyumbani. Kila nyumba inavyo, na kwa mara moja mtoto wa mama mboga na mtoto wa daktari watakuja na takataka sawa.

Wikendi hii

Sitaki uishie kulike na kupita, kwa hivyo chukua hii.

Tafuta 74HC240 moja, kapasita mbili za maikrofaradi 0.22 zisizo na upande wa chanya na hasi, rizista moja ya megaomu 2.2, LED mbili, rizista mbili za kiloomu moja, na betri tatu za kawaida za volti 1.5. Chipu hii inataka kati ya volti 2 na 6, kwa hivyo 4.5 inakutosha. Ile bodi nyeupe yenye vishimo itakusaidia, lakini hata kuchomea waya kwa risasi itafanya. Ukitaka kutumia betri ya simu ya zamani, volti 3.7 zinafaa, ila iliyovimba usiguse, na usigusanishe chanya na hasi.

Pini 20 iende chanya. Pini 10 iende hasi, pamoja na 1 na 19, ili vigeuzi viamke. Kapasita moja kutoka pini 18 hadi pini 4. Nyingine kutoka pini 16 hadi pini 2. Rizista kubwa kati ya 2 na 4. LED moja kutoka 18 na nyingine kutoka 16, kila moja na rizista yake ya kiloomu moja, zikielekea hasi. Maingizo yasiyotumika, yaani 6, 8, 11, 13, 15 na 17, yaunganishe na hasi, usiyaache yakining'inia. Zikikataa kuanza, gusa pini 2 kwa kidole.

Zikianza kupokezana, usikimbilie mota. Kaa nazo kidogo. Badilisha rizista. Ondoa kapasita moja uweke kubwa, uone mdundo unavyobadilika. Kadiria kabla ya kubadilisha, kisha uangalie kama ulikadiria vizuri. Ukishaweza kusema mapema nini kitatokea, hapo ndipo utafute ile DVD iliyokufa.

Na wewe mtu wa Arduino uliyesoma hadi hapa ukiwa umekunja uso, komenti ziko wazi. Niambie nimekosea wapi. Lakini kwanza ujenge.